Kuona Mbali

Duka langu liko Hsinchu, mji wa upepo,
kati ya muuza maandazi ya mvuke na fundi wa pikipiki.
Miaka thelathini na minane nasaga vioo vya macho.
Zamani walikuja wazee: washonaji, makarani,
bibi mmoja aliyetaka kusoma barua
za mwanawe baharia kabla hajafa.
Sikuwahi kuuliza nani hajafa, bibi au baharia.

Siku hizi viti nimevikata miguu.
Wateja hawafiki kaunta.

Jumamosi aliingia Liao na binti yake Yun-hsi,
miaka saba, jino la mbele limeng'oka,
kidole cha shahada kinadonoa hewa
kana kwamba hewa nayo ina vitufe.
Nikamkalisha. Ukutani pana maduara yenye pengo,
pengo juu, chini, kushoto, kulia.
"Pengo liko wapi?"
Mstari wa kwanza alijibu. Wa pili alibahatisha.
Kisha akanigeukia: "Babu, mistari ni miwili tu."

Ni tisa.

Nikauliza saa. Liao akahesabu kwa vidole:
saa moja ya hesabu, mwalimu yuko Taipei;
saa moja ya Kiingereza, mwalimu yuko sijui wapi,
kwetu jioni, dirishani kwake kunapambazuka;
kazi za shule; halafu kinanda, nacho ni cha kiooni;
halafu katuni, "maana mtoto lazima acheze."
Akacheka kidogo. Nami nikacheka,
kicheko cha watu wanaodaiana.

Simlaumu. Yeye hushinda kiwandani
ndani ya vazi jeupe, unyayo hadi utosi,
akiunda vidude vidogo kuliko yai la chawa
vinavyofikiri kwa niaba ya watu wasiomjua.
Akirudi usiku mtoto amelala,
kompyuta ingali na joto
kama kiota ambacho ndege ametoka sasa hivi.
Hataki binti arithi lile vazi.
Ni mzazi anayeona mbali.
Na wazazi wanaoona mbali, katika mtaa huu,
wanalea watoto wasioona ng'ambo ya barabara.

Mimi je? Mimi nala wapi?
Kila mwaka vioo vinanenepa, nami pamoja navyo.
Mbuzi hula kadiri ya kamba yake;
kamba yangu ni ule ule waya
uliochomekwa ukutani chumbani kwa Yun-hsi.

Nikamwambia Liao: jua, nje, saa mbili kila siku,
dawa isiyouzwa hapa.
Akaandika. Kwenye simu, ili imkumbushe.

Wiki iliyofuata miwani ikawa tayari,
fremu ya zambarau, aliichagua mwenyewe.
Nikamvisha, nikamsogeza mlangoni.
Upepo ulikuwa ukivuma bila adabu, kama kawaida yake,
na ng'ambo, juu ya paa la akina Peng,
tambi za mchele zimeanikwa kwenye chanja.

Kidole kikanyooka. Safari hii hakikudonoa kitu.
"Zile si shuka," alisema.
"Si shuka."
"Ni nyuzi. Nyuzi nyingi. Na zinacheza."

Mwaka mzima amepita pale akienda shule
akidhani akina Peng ni watu wa kufua sana.

Liao akatoa simu ampige picha.
Akaitazama, akairudisha mfukoni.
Akachuchumaa mpaka shavu lake
likawa usawa wa shavu la bintiye,
akaangalia kule alikoangalia.

Sikuwaharakisha.
Bei nilishaiandika kwenye karatasi;
nikaishika nyuma ya mgongo
kama mtoto aliyeokota kitu kisicho chake.